Shule ya Wavulana Tabora: Chombo cha Nani?

Katika darasa moja la itikadi, ndugu kijana alisimama na kuuliza swali ambalo mkufunzi hawezi kulijibu kwa haraka. Alisema kwamba tunafundishwa kuwa elimu ya mkoloni ilikusudiwa kuzaa watumishi na vibaraka. Tunafundishwa pia kwamba Mwalimu Nyerere na wenzake wengi waliouongoza umma kuung'oa ukoloni walisoma katika shule za mkoloni huyo huyo, na hasa Tabora. Akataka kujua lipi kati ya hayo mawili ni la kweli. Wenzake walicheka. Lakini swali hilo si la mzaha, na kada asiyeweza kulijibu hajaielewa nadharia ya mapambano ya ukombozi.

Jibu letu ni kwamba yote mawili ni ya kweli, na kwamba ukweli wa moja ndio uliozaa ukweli wa jingine. Makala haya yanajaribu kulieleza jambo hilo kwa kuitazama historia ya Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora. Hatuitazami ili kuimba sifa zake, kwani waliosoma pale wanatosha kwa kazi hiyo. Tunaitazama ili tujiulize swali ambalo Chama cha wakulima na wafanyakazi lazima kijiulize kila wakati kuhusu kila chombo cha umma: chombo hiki kinamtumikia nani?

SHULE YA WATOTO WA MACHIFU

Kila utawala huanzisha elimu inayolingana na haja zake. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walikuwa na haja ya makarani, wakalimani na maakida wa kuwasaidia kutawala nchi kubwa wakiwa watu wachache. Hawakujali sana kama kijana ni mtoto wa mtemi au wa mvuvi. Walichotaka ni mtu anayejua kusoma, kuandika na kutii.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na hesabu nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika nchini mwaka 1925, aliweka mfumo wa kutawala kwa kuwatumia watawala wa kienyeji, na Sheria ya mwaka 1926 ikampa chifu madaraka ya serikali ya kikoloni katika eneo lake. Chifu akusanye kodi ya kichwa, aamue kesi ndogo, ahimize kilimo cha mazao aliyoyataka mkoloni, na atoe watu wa kazi za serikali. Mfumo huo ulikuwa na faida mbili kwa ubeberu. Faida ya kwanza ilikuwa urahisi wa gharama, maana Mwingereza mmoja aliweza kutawala wilaya nzima. Faida ya pili ilikuwa kwamba chuki ya wananchi dhidi ya kodi ilimwangukia kwanza mwenzao, kabla haijamfikia bwana mkubwa.

Lakini chifu asiyejua kusoma hesabu za hazina wala kuandika hukumu hakufaa katika kazi hiyo. Hapo ndipo ilipotokea haja ya Shule ya Tabora, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1920. Lengo lake halikufichwa: ilikuwa shule ya kuwaandaa watoto wa machifu kushika nafasi za baba zao chini ya bendera ya Uingereza. Iliigwa kutoka shule za mabwanyenye wa Uingereza, yaani shule za bweni ambamo watoto wa wakubwa hufundishwa, pamoja na vitabu, tabia ya kujiona kuwa wamezaliwa kutawala. Kulikuwa na viranja wenye upendeleo wao, mashindano ya mabweni na michezo, nidhamu kali na Kiingereza kingi.

Mahali penyewe pia hapakuchaguliwa bure. Tabora ilikuwa kitovu cha njia za misafara ya karne ya 19, na makao ya utemi wa Unyanyembe. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza lilikamilika. Kijana wa Bukoba, wa Iringa, wa Kigoma au wa Musoma aliweza kuletwa Tabora kwa garimoshi au kwa meli na garimoshi. Mkoloni alijenga reli ili kuchukua pamba, karanga na askari, lakini reli hiyo hiyo ikawaleta pamoja vijana ambao yeye mwenyewe alipenda wabaki mbalimbali katika makabila yao.

MKINZANO NDANI YA SHULE

Hapa ndipo tunapokutana na mkinzano, na lazima tuueleze vizuri, kwa sababu wako wanaodhani kwamba uongozi wa Uhuru ulikuwa zawadi ya walimu wa Kiingereza. Hapana. Mkoloni hakukusudia kutoa zawadi yoyote. Alitaka chombo, na chombo hicho kikawa na pande mbili.

Kwanza, shule iliwakusanya vijana wa makabila mengi. Nyumbani kila mmoja alifundishwa kuwa yeye ni Mzanaki, Mnyamwezi, Mhehe au Mngoni. Bwenini walilala chumba kimoja, wakala sahani za aina moja na wakazungumza Kiswahili walipotoka darasani. Utawala wa kupitia kwa machifu ulitegemea ukabila ili uishi. Shule yake kubwa ikawa mahali ambapo ukabila ulianza kuonekana kuwa mdogo.

Pili, shule iliwapa vijana silaha ya adui. Mtu hawezi kufundishwa kusoma sheria kwa ajili ya kuwatawala wenzake tu, asiweze kuisoma kwa ajili ya kumhoji anayemtawala yeye. Hawezi kufundishwa kujenga hoja katika mjadala, kisha akaombwa asijenge hoja kuhusu nchi yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, shule iliwafikisha vijana hao mbele ya mlango kisha mlango ukafungwa. Katika utumishi wa kikoloni mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Kijana aliyefaulu Tabora, na hata aliyeendelea hadi Makerere, alirudi akakuta kwamba kipimo cha mwisho hakikuwa elimu wala kazi yake, bali ngozi yake. Mkoloni alimfundisha kuamini usawa wa mtihani, kisha akamwonyesha dhuluma ya maisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Julius Kambarage Nyerere mwenyewe. Alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 aliingia Tabora, akasoma hapo hadi mwaka 1942. Kwa hesabu za Cameron alikuwa kijana hasa wa kufaa: damu ya chifu na akili kali. Masimulizi ya maisha yake yanataja kwamba akiwa shuleni alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja. Ni jambo dogo, lakini kada atalitazama kwa makini. Mtu ambaye baadaye angeongoza taifa kukataa ubaguzi na unyonyaji alianza kwa kuuona ubaguzi mdogo, ule ulioko mezani penye chakula.

Baada ya Makerere alirudi Tabora mwaka 1945 kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, akawa katibu wa tawi la Chama cha Waafrika mjini humo. Akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akawa Rais wa kwanza wa TANU. Katibu Mkuu wa kwanza wa TANU, Oscar Kambona, naye alipita Shule ya Tabora. Rashidi Kawawa, ambaye hakuwa mtoto wa chifu, alisoma hapo pia. Akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu.

Tusisahau kwamba shule hiyo ilizaa pia wale iliokusudia kuwazaa. Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, aliyesoma Tabora, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alisoma hapo, na akawa Waziri wa Sheria mwanzoni mwa Uhuru. Wengine walibaki na uchifu wao, wengine walijiunga na umma. Shule ilikuwa moja, lakini misimamo ilitofautiana. Hilo linatufundisha kwamba darasa peke yake halimfanyi mtu kuwa mwanamapinduzi. Linampa uwezo, na msimamo ndio unaoamua uwezo huo utumike upande upi.

Mwaka 1963, serikali iliyoongozwa na mtoto wa chifu aliyesoma katika shule ya machifu ilifuta madaraka ya uchifu kisheria. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa jinsi chombo kinavyoweza kumgeukia aliyekitengeneza.

UMMA ULIKUWA SHULE KUBWA ZAIDI

Hata hivyo ni kosa la hatari kusema kwamba Tabora ndiyo iliyoleta Uhuru. Kosa hilo hupendwa na wasomi kwa sababu linawafanya wasomi kuwa wenye historia, na umma kuwa watazamaji.

Wapiganaji wa Maji Maji wa mwaka 1905 hadi 1907 hawakusoma Tabora. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947 hawakuwa na vyeti. Wakulima wa Meru waliofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951 na kuipeleka kesi yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952 walifundishwa siasa na moto ulioteketeza nyumba zao. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza akina mama kwa maelfu katika TANU, alikuwa na elimu ya msingi tu. Alikuwa na kitu ambacho wasomi wengi hawakuwa nacho: vikundi vya ngoma, majirani na masikio ya wanawake wa mji mzima. Wasomi wa Tabora walikuwa na nguvu pale tu walipokwenda kwa watu hao na kukubali kufundishwa nao.

Mji wa Tabora wenyewe ulikuwa shahidi wa jambo hilo. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya hapo mkutano wake mkuu, kujadili kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walikuja na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Baada ya mjadala mkali mkutano uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. TANU ikashinda uchaguzi, na njia ya Uhuru ikafupika. Uamuzi huo wa busara haukufanywa darasani. Ulifanywa na wajumbe wa wananchi, wengi wao wakiwa hawajui Kiingereza, kilomita chache tu kutoka katika shule iliyojengwa kwa imani kwamba watu kama wao hawawezi kuamua jambo.

BAADA YA UHURU: KUIGEUZA SHULE

Kuipindua bendera ni kazi ya usiku mmoja. Kuigeuza shule ni kazi ya kizazi. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Ilikuwa lazima shule chache zilizokuwepo, Tabora ikiwa mojawapo, zitoe haraka walimu, mabwana shamba, waganga na maofisa. Toka mwaka 1962 shule zilifunguliwa kwa watoto wa rangi zote. Kufikia mwaka 1967 wanafunzi wa sekondari walikuwa 25,000, na wa kidato cha sita 830. Hayo ni mafanikio, na shule kongwe zilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Lakini idadi ilibadilika kabla fikra hazijabadilika. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 kati yao wakafukuzwa. Rais alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa. Vijana hao hawakuwa maadui. Walikuwa mazao ya sekondari zetu, shule zilizokuwa bado zikifundisha kwamba cheti ni hati ya kuepuka jembe.

Ndiyo maana mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, ilitolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Ilisema wazi kwamba asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi ya sekondari, na kwamba haifai elimu yote ipangwe kwa ajili ya hao wachache. Shule ziwe na mashamba na karakana, mwanafunzi ashike jembe na kalamu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za mashirika mkononi mwa taifa. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na nafasi zikagawanywa kimikoa ili mtoto wa mkoa ulioachwa nyuma asifungiwe mlango. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mhitimu afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu.

Tujikosoe, maana kujikosoa ni kanuni yetu. Mahali pengi kazi za mikono ziligeuka kuwa adhabu: aliyechelewa namba alipelekwa shambani. Kijana aliyelishika jembe kama adhabu kwa miaka minne hawezi kulipenda atokapo. Shamba liliandikwa katika taarifa, lakini halikuingizwa katika somo la kemia wala la hesabu. Nadharia na vitendo vilikaa bweni moja bila kusalimiana.

MATATIZO YA SIKU HIZI

Leo Shule ya Wavulana Tabora ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na jirani yake Tabora Wasichana. Watoto huchaguliwa kwa alama za juu, si kwa damu. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe anaweza kukaa dawati moja na mtoto wa waziri. Hilo ni ushindi, na asilidharau mtu. Lakini yako matatizo ambayo sifa za zamani zisiyafunike.

La kwanza ni uchakavu. Hali ngumu ya uchumi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na masharti ya wakopeshaji wa kigeni yaliyofuata toka mwaka 1986, yalizibana shule za umma. Karo ilirudishwa katika sekondari, na majengo ya shule kongwe yakaachwa yapasuke. Ukarabati wa shule kongwe uliofanywa katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 ulikuwa hatua njema. Lakini nyumba hukarabatiwa mara moja na kutunzwa kila siku, na utunzaji ndio tunaousahau.

La pili ni tofauti kati ya shule na shule. Toka mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004 wananchi wamejenga shule za kata kwa nguvu zao wenyewe. Toka Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na toka mwaka wa fedha 2022/23 hadi cha sita. Mlango umepanuka kuliko wakati wowote katika historia yetu. Lakini kama shule chache zitapewa walimu wa kutosha na maabara, huku shule ya kata ikimsubiri mwalimu mmoja wa fizikia, tutakuwa tumefuta uchifu wa damu na kuweka uchifu wa alama. Kipaji kisichopata mwalimu hakionekani katika mtihani.

La tatu ni lugha. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Ushauri huo haukutekelezwa. Kijana hujadili mambo mazito bwenini kwa Kiswahili, kisha huingia darasani na kukariri asichokielewa. Kukariri hakuzai wajenga hoja.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu tulisomeshwa na umma katika shule za umma. Lakini wako viongozi ambao wakipanda cheo huwatoa watoto wao katika shule hizo na kuwapeleka kwenye shule za fedha nyingi. Kiongozi ambaye mtoto wake hakai katika bweni linalovuja haoni haraka ya kuezeka bati. Hatusemi haya kwa wivu. Tunasema kwa sababu chombo cha umma hufa pale wenye madaraka wanapoacha kukitegemea.

La tano ni elimu ya siasa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, matawi ya Chama yaliondolewa mahali pa kazi na shuleni, na somo la Siasa likatoa nafasi kwa Uraia. Hilo ni sawa, kwani shule ni ya taifa zima. Lakini kuondoa tawi hakuna maana ya kuondoa swali. Kijana wa Tabora, awe wa chama chochote au asiwe na chama, ana haki ya kufundishwa nani analipia dawati lake, na kwa nini.

KAZI YETU

Mwalimu aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akishiba na asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huu ndio kipimo cha Shule ya Tabora, na cha kila shule nyingine. Tusiipime kwa idadi ya mawaziri iliyowatoa, wala kwa nafasi yake katika orodha ya matokeo. Tuipime kwa idadi ya waliorudi: madaktari waliokubali kwenda wilayani, walimu waliobaki shule ya kata, wahandisi waliochimba visima mahali ambapo hawakuzaliwa.

Mwanachama wa TANU aliahidi kujielimisha kwa kadiri ya uwezo wake na kuitumia elimu yake kwa faida ya wote. Ahadi hiyo ina sehemu mbili. Vijana wetu wanaitimiza sana ile ya kwanza. Wajibu wa makada, walimu na wazazi ni kuwakumbusha ile ya pili, na njia bora ya kuwakumbusha ni sisi wenyewe kuanza.

Sasa tunaweza kumjibu yule ndugu kijana. Mkoloni alikusudia kuzaa vibaraka, na baadhi aliwapata. Wengine waliikataa kazi waliyoandaliwa, wakaenda kwa umma, na umma ukawafanya viongozi. Shule ilikuwa ya mkoloni, lakini uamuzi ulikuwa wao. Leo shule ni yetu, na vijana walioko ndani yake nao watafanya uamuzi wao. Mkoloni alishindwa kuwazuia wanafunzi wake wasiwe upande wa wananchi. Itakuwa aibu kubwa kama sisi, tulio upande wa wananchi, tutashindwa kuwafanya wanafunzi wetu wabaki upande huo.